Pua ya Mama Sule

Katika soko la Koboko, mtu akitaka kujua kama samaki wa leo ni wa leo kweli, hapotezi muda kumwuliza mwuza samaki. Anambeba samaki wake mpaka kwenye kibanda cha Aidah. Aidah, ambaye wengi humwita Mama Sule kwa jina la mwanawe wa pekee, hunusa mara moja tu, hufumba macho kidogo, kisha hutoa hukumu: "Hii ya juzi. Na ililala karibu na sabuni." Mwuza samaki ataapa kwa Mungu na kwa marehemu mama yake, lakini samaki atarudishwa. Ubaya wa pua ile ni kwamba haikosei, na mwenye nayo anajua haikosei, na soko zima limechoka kukumbushwa.

Pua hiyo aliipatia uhamishoni. Baba yake alikuwa sajini, na serikali ya askari ilipoanguka, familia zao zilijitwika masufuria zikavuka mpaka kuingia Sudan. Huko Yei, Aidah akiwa msichana wa kutumwatumwa, aliwekwa kwa mama mmoja aliyepika khumra, yale manukato mazito ya maharusi yanayotengenezwa kwa mafuta, karafuu, msandali na mambo mengine ambayo hayasemwi mbele ya watu. Wenzake wengi walirudi Koboko na malaria na hadithi za vita. Aidah alirudi akijua kupika khumra. Mpaka leo hakuna bibi harusi wa maana, wa Kiislamu au wa Kikristo, anayetoka kwao bila kupita mikononi mwake.

Na kila Ijumaa kabla ya adhuhuri, wanaume husimama foleni mbele ya kibanda chake. Hawaulizi bei wala yeye hawaulizi shida. Aidah hunyofoa pamba kidogo, huichovya katika kichupa cha atari, humsokomezea mteja kwenye kikunjo cha sikio, na mteja huenda msikitini akinukia kama mtu aliyekwisha kusamehewa. Hata padri mmoja alipita siku moja, akasema anapita tu.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akitaka kumjaribu, atamletea nini? Hakumletea njaa wala maradhi. Alimletea mjukuu anayenuka mdomo.

Mjukuu ni Jamilah, mtoto wa Sule, amemaliza miaka mitano na ana maneno ya miaka hamsini. Sule ni dereva wa lori la Juba, nyumbani ni mgeni. Mama wa mtoto ni Keji, wa kabila la Wakuku wa Sudan Kusini, msichana wa kanisa ambaye Sule alimwona katika kambi ya wakimbizi ya Bidibidi, na kwa kuwa Sule akiona kitu hasikii tena la mtu, akamwoa. Keji na mtoto wanakaa nyumba ndogo katika ua wa Aidah. Aidah hakuwahi kumkataa mke wa mwanawe, hilo alilisema kwa kila mwenye masikio. Alisema tu kwamba hajui kule kambini watu walifundishwa usafi na nani.

Harufu ilianza baada ya Idd. Mwanzoni ilikuwa ndogo, ya asubuhi, ambayo hata watu wazima wanayo. Halafu ikawa ya mchana. Halafu ikawa mtoto akiingia chumbani, mwenye kuku anainuka kutazama kama kuna yai limepasuka. Zaidi ya hayo, Jamilah akaanza kupumua kwa mdomo, usiku na mchana, midomo imekauka na kupasuka, akilala anakoroma kama lori la baba yake linapanda mlima. Wenzake walimkimbia kwenye mchezo wa kamba. Bibi yake, haboba kama mtoto alivyomwita, ambaye zamani hakuweza kulala bila kumkumbatia, alimrudisha akalale kwa mama yake.

Pua ya Mama Sule ilitoa hukumu siku hiyo hiyo: meno hayasuguliwi. Na kama meno ya mtoto hayasuguliwi, mwenye kosa anajulikana.

"Mama Jamilah," alisema, "mutoto iko na mama, ama iko peke yake?"

"Mama, mimi nasugua yeye asubuhi, nasugua yeye jioni," alijibu Keji. "Mswaki iko pale, angalia."

"Mimi hapana angalia mswaki. Mimi nanusa."

Basi Aidah akaingia kazini. Alimsugua mtoto kwa mkaa, akamsugua kwa chumvi, akamsugua kwa kijiti cha mswaki mpaka fizi zikatoa damu. Alimpa dawa ya minyoo, na minyoo kweli ilitoka, lakini harufu haikutoka nayo. Alimsimamisha juu ya chetezo cha udi akamfunika shuka kama bibi harusi, na Jamilah akatoka pale ananuka udi kwa nje na mzoga kwa ndani. Mwishowe akakumbuka maneno ya marehemu sajini, kwamba askari hupumua kwa pua na mbwa hupumua kwa mdomo.

"Funga mudomo," alimwamuru mtoto. "Pumua na pua."

Jamilah alifunga mdomo. Alijitahidi, maskini, macho yakamtoka, mishipa ya shingo ikasimama, kisha mdomo ukafunguka wenyewe akahema kama samaki kwenye karai.

"Kichwa ngumu," alisema Aidah. "Hii damu si ya kwetu."

Nisimwonee mwanamke huyu. Alimpenda mtoto yule, alimpenda kuliko kibanda, kuliko jina lake sokoni. Ndiyo maana hakuona haya kumtaka. Kila jioni alijiambia kwamba mtoto angekuwa kwake, akaogeshwa na mikono inayojua kuogesha, harufu ingekwisha kwa wiki moja. Akampigia Sule simu, akamweleza yote, na yale ambayo hakuyaona akayaeleza vizuri zaidi.

Sule alikuwa njiani, amechoka, na mwana wa pekee hamkatalii mama yake kwa simu. "Mama, wewe ndiyo najua," alisema. "Kama Keji hapana weza, yeye iende kwanza kwa dada yake kule Bidibidi. Mutoto ibaki na wewe. Mimi nakuja, tutasema."

Aidah aliweka simu yake kwenye kifua cha gauni, akajisikia mwepesi. Ua ule una kuta fupi, na Keji alikuwa anapepeta mtama upande wa pili. Alisikia kila neno. Alipepeta tu mpaka mtama ukaisha, akaendelea kupepeta ungo mtupu.

Kabla ya kumfukuza mtu, hata hivyo, Aidah alitaka ushahidi wa pili, maana yeye si dhalimu. Akamwita mzee Dumo kutoka Abuku. Dumo ni mkata kimio. Watoto wa kukohoa, wa kutapika, wa kukataa uji, wote kwa Dumo dawa ni moja: kile kinyama kinachoning'inia kooni kimekuwa kirefu, kikatwe. Akaja na kisu chake amekifunga katika kitambaa, akamfunua Jamilah mdomo, akarudisha kichwa nyuma haraka kuliko alivyokipeleka.

"Kimio iko refu," alisema, amejiziba pua. "Inagusa ulimi, inaoza. Tukate leo."

Hapo Keji alitokea mlangoni. Alimchukua mtoto mikononi mwa Dumo kwa upole, akamfunga mgongoni kwa kitenge ingawa mtoto alikuwa mkubwa na miguu ilining'inia.

"Mama," alisema, "mutu ikitaka kata mutoto yangu, ikate mimi kwanza. Kesho naenda Arua kwa daktari. Daktari ikisema ni uchafu yangu, mimi mwenyewe nafunga nguo yangu, naacha mutoto, naenda Bidibidi. Hapana ngoja Sule. Hapana lia."

Dumo alimtazama Aidah. Aidah alimtazama Keji, akaona kwa mara ya kwanza kwamba msichana yule alikuwa na shingo ngumu ya kiaskari, ambayo kwa mtu mwingine angeipenda.

"Sawa," alisema. "Na mimi nakwenda. Nataka sikia na masikio yangu."

Wakaenda Arua asubuhi, wanawake wawili na mtoto katikati. Keji alikuwa amefunga nguo zake kabisa katika kifurushi, akakiacha juu ya kitanda ili akirudi asihangaike. Aidah alivaa gauni lake la Idd. Mtu anayekwenda kushinda hapendi kuonekana ovyo.

Kliniki ilikuwa barabara ya kwenda Ombaci, na daktari wake aliitwa Obitre, kijana mnene mwenye sauti ya polepole. Aidah hakumpa nafasi ya kuuliza. Alimweleza meno, alimweleza kambi, alimweleza minyoo na damu ya ukoo. Obitre alisikiliza huku akimtazama mtoto, ambaye alikaa mdomo wazi kama kawaida yake.

"Meno iko mazuri," alisema baada ya kumfunua mdomo. "Nasuguliwa kabisa. Hata imezidi." Keji alifumba macho. "Kwa nini hapana pumua na pua?"

"Kichwa ngumu," alisema Aidah.

Obitre aliwasha tochi, akainua ncha ya pua ya Jamilah kwa kidole gumba, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akabaki upande huo. "Makamasi natoka pande zote mbili, ama upande moja?"

Wanawake wakatazamana. Miezi yote ile walikuwa wamemtazama mtoto mdomoni, kwenye fizi, kooni na tumboni, mmoja akitafuta kosa, mwingine akitafuta kujitetea, na hakuna aliyeona kwamba kamasi la Jamilah lilitoka tundu moja tu.

"Moja," alisema Keji polepole. "Hii ya kulia. Mungu wangu, ni hii tu."

"Mutoto ikinuka, na kamasi natoka upande moja," alisema Obitre, "mimi nauliza kwanza: nini iko ndani?"

Akachukua chuma chembamba chenye ncha iliyopinda. Keji alimshika mtoto kichwa, muuguzi akashika mikono, Aidah akashika mkoba wake. Ikasikika sauti ndogo ya kilio, na kitu kikatoka, cheusi, kinateleza, kidogo kama kokwa la tende, kikaanguka kwenye bakuli la chuma. Harufu iliyofuata ilimtoa muuguzi nje. Obitre mwenyewe alifungua dirisha.

Aidah peke yake hakuondoka. Alisogea. Watu walidhani ni ujasiri wa mtu mzima, lakini haukuwa ujasiri, ilikuwa pua yake inamvuta. Maana chini ya ule uozo, ndani kabisa, alikuwa amesikia msandali. Nyuma ya msandali karafuu. Nyuma ya karafuu, ile siri yenyewe aliyopewa Yei, ambayo hakuna mtu mwingine Koboko nzima aliye nayo.

"Pamba," alisema Obitre akiigeuza kwa chuma. "Nani iliweka pamba kwa pua?"

"Mimi," alisema Jamilah. Sauti yake ilikuwa mpya, imefunguka, hata yeye mwenyewe aliisikia akashtuka. "Siku ya Idd haboba iliweka kwa sikio yangu, ile ya kunukia. Lakini kwa sikio watu wengine ndio nanusa. Mimi hapana nusa. Nikasogeza."

Hakuna aliyecheka. Kwa kweli mtoto alikuwa amesema jambo la akili. Watu wazima kwa miaka na mikaka wanajichomeka manukato masikioni wanusiwe na wengine, na hakuna aliyewahi kulalamika.

"Kwa nini hapana sema?" aliuliza Keji.

"Ilikataa kutoka. Nikaogopa haboba naona nimepoteza."

Keji angeweza kumlaumu mama mkwe. Alikuwa na haki ya kusema mpaka Koboko, na kurudi, na kwenda tena. Alimfuta mtoto pua, akamfunga mgongoni. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Keji hakumwambia pole wala hakumwambia lolote, na Aidah angetoa chupa zake zote ili atukanwe kidogo tu.

Walipofika nyumbani, Suzan jirani, ambaye ana meza ya vitenge karibu na kibanda cha Aidah, alikuwa anangoja langoni. Aidah alikuwa amemlisha habari za Keji kwa miezi, kwa hiyo sasa alikuwa na haki ya kujua mwisho.

"Ilikuwa nini, Mama Sule?"

Hapa ndipo binti wa sajini aliponywea. Ulimi ulikwenda wenyewe. "Mududu," alisema. "Mududu iliingia kwa pua. Imetolewa."

Ulionekana uongo mzuri, mdogo, usiomdhuru mtu. Lakini penye kuku wengi usimwage mtama. Mdudu alitoka pale langoni akiwa hana jina. Alipofika kwa wauza mihogo alikuwa mende. Alipofika stendi walikuwa mende watatu na mayai. Na hapo soko likajiuliza, kama ilivyo haki yake, mende hao wanazalia katika nyumba ya nani. Si ya Mama Sule, mama wa udi na ubani! Magharibi haijaingia, Koboko ilikuwa imekwisha kuamua kwamba Keji analaza mtoto wa watu na wadudu.

Sule alipiga simu watu wanakula. Dereva mwenzake alikuwa amemsimulia yaliyotoka kwa Suzan.

"Mama, nimesikia. Mende mpaka kwa pua ya mutoto yangu! Mimi nimechoka. Ambia Keji iende kesho."

Keji alikuwa amekaa mkekani ng'ambo ya sinia, Jamilah mapajani mwake. Simu ya Aidah ni ya zamani na hupiga kelele, kila mtu alisikia. Keji aliacha kula. Hakumtazama mama mkwe wake. Alitazama ndani, kwenye kitanda, kile kifurushi ambacho hakuwa bado amekifungua.

Aidah alikuwa amepata kila kitu alichoomba. Mtoto wake, ua wake, neno la mwanawe. Ilibaki kunyamaza tu, na kunyamaza hakuna gharama. Akarudisha tonge kwenye sinia.

"Sule," alisema, "hapana mende."

"Suzan inasema..."

"Suzan inasema ile mimi nilisema. Mimi ni mwongo. Ilikuwa pamba yangu. Mimi, mama yako, nilichovya, niliweka kwa sikio ya mutoto siku ya Idd, yeye ikasogeza kwa pua. Meno iko safi. Daktari inasema imezidi safi. Mimi ndiyo nilinukisha mutoto, halafu nikasema ni mama yake. Keji hapana kwenda mahali. Mtu ikienda, ni mimi."

"Mama," alisema Sule, kwa upole, "wewe utakwenda wapi na sisi iko hapa?" Halafu akaomba azungumze na mkewe.

Ijumaa iliyofuata aliirudia habari ile mbele ya foleni nzima, na Suzan akiwa mstari wa mbele. Alidhani wateja watamkimbia. Wapi! Walicheka mpaka wakashika mbavu, na mmoja akataka apakwe mara mbili, kila sikio na la kwake, lakini pua asiguse. Hakuna aliyempeleka mahakamani wala aliyemtemea mate. Aidah aliona kwamba ile heshima aliyotaka kuilinda kwa kumtoa Keji nje haikuwa na thamani hata ya kipande cha pamba, na hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Harufu iliisha yenyewe kwa siku chache. Jamilah akapumua kwa pua, akalala kimya, akarudi kwenye kamba. Kifurushi cha Keji kikafunguliwa. Aidah akaona mambo yamekwisha, akatandika kitanda chake upya, akatoka nje kumwita mjukuu.

Jamilah alikuja mbio. Hatua chache kabla ya kumfikia bibi, akasimama, akavuta pumzi, akabana. Akasogea mashavu yamejaa, akapiga goti, akatoa mkono wa salamu bila sauti, kisha akakimbia mpaka mlangoni kwa mama yake, akaachia pumzi pale.

Aidah alidhani ni mchezo. Akamwita tena. Mtoto akaja vile vile, amebana.

"Nini hii?" aliuliza.

"Mama, wewe ulifundisha yeye," alisema Keji. Alikuwa anachambua mboga, na hakukuwa na ukali katika sauti yake, ndiyo maana maneno yalipenya. "Ulisema, hapana pumulia mimi. Kila siku ulisema. Yeye imeshika."

Hakukumbuka. Apigwe au auawe, hakukumbuka kusema, kama mtu asivyokumbuka mara alizokohoa. Lakini alimjua Keji sasa, na Keji hasemi uongo.

Kwa wiki mbili alijaribu. Alimpa tende, Jamilah akapokea amebana. Alimwambia imekwisha, hainuki tena, mtoto akatikisa kichwa kwa adabu, mashavu yamejaa. Kitanda kilibaki na mtu mmoja. Mwishowe, jioni moja, mwanamke ambaye soko zima humpelekea samaki alikaa chini kwenye vumbi la ua wake, gauni na yote, akasogeza uso wake mpaka ukakaribia wa mtoto.

"Jamilah, mama yangu. Pumulia haboba."

Mtoto alimtazama mama yake. Keji aliweka mboga chini.

"Pumua," alisema Keji. "Haboba naomba."

Jamilah alifikiri. Kisha akafungua midomo kidogo sana, akatoa pumzi kijisehemu tu, ya kujaribia, macho yake yakiwa hayabanduki usoni pa bibi, tayari kukimbia. Ilinuka karanga na uji. Aidah hakupepesa macho.

"Imetosha?" aliuliza mtoto.

"Bado," alisema Aidah. "Ongeza."